Meno Matatu ya Pembe

Mwezi uliopita tulimzika Mjomba Sosteni. Kanisa la kigango lilijaa hata watu wakasimama nje juani, kwaya aliyoiongoza miaka mingi ikaimba bila kuchoka, na mimi nikapewa kuongoza rozari. Niliiongoza vizuri. Mungu ni shahidi kwamba sikumtakia marehemu jambo lolote ila pumziko. Hasira ilinipata baadaye, msemaji wa familia aliposimama kusoma wasifu wake.

"Marehemu alikuwa fundi wa kipaji," alisoma. "Wazee mtakumbuka bibi yetu aliposingiziwa uchawi. Ni marehemu aliyekitengeneza kigari cha Mzungu, kikaletwa mbele ya mkutano, kikamwokoa mama yake mzazi."

Watu wakacheka kwa furaha, na mwanamke mmoja akapiga kigelegele. Nilikuwa nimekaa kwenye jamvi, mkono wangu mfukoni, nimeshika kipande cha pembe ya ng'ombe kilichozibwa kwa kitambaa. Ndani yake mna vijipande vitatu vya pembe hiyo hiyo, kila kimoja kama punje ya mchele. Nilikifungua kidogo, nikanusa. Baada ya miaka yote hii bado kinanuka ugoro wa Bibi. Nikaona kwamba nikinyamaza tena, nitakuwa nimenyamaza moja kwa moja. Kwa hiyo ninaandika, kwa ajili ya wenzangu wa rika langu ambao na wao huenda wana jambo lao walilolinyamazia.

Nililelewa na Bibi Veronika, mama wa mama yangu na mama wa Mjomba Sosteni, katika kijiji kilichoko kati ya Isaka na Kahama. Leo ukipita huko utakuta maduka na malori. Wakati ule palikuwa na mbuga, vumbi jeupe, ng'ombe, na ua wa minyaa uliozunguka kila boma. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja hivi, ninajiandaa kwa komunyo ya kwanza. Ilikuwa miaka ile ya kupanga foleni kutwa nzima kwa ajili ya kipande cha sabuni.

Mwendo wa saa moja kutoka kwetu palikuwa na kambi ya watu waliotafuta dhahabu. Hawakuchimba, walitoboa ardhi kwa mashine, wakapanga vipande vya miamba kwenye masanduku, wakavitazama. Mkuu wao alikuwa Mzungu mrefu ambaye watu walimwita Bwana Mawe. Mjomba alikuwa fundi wa magari hapo kambini, na katika kijiji chetu, mtu mwenye mshahara wa kila mwezi alikuwa kama mtu mwenye kisima.

Bwana Mawe alikuwa na kigari chekundu, urefu wake kama mkono wangu toka kiwiko hadi ncha za vidole. Magurudumu yake ya nyuma yalikuwa na vinundu vya mpira vya kukamatia mchanga, na antena ilisimama mgongoni kama mkia wa ngiri anayekimbia. Kiliendeshwa kwa rimoti kubwa kama tofali. Jumapili jioni Bwana Mawe alikishindanisha na cha Mzungu mwenzake kwenye mchanga wa mto uliokauka ndani ya eneo la kambi, na kila Jumapili alishindwa, kwa sababu alijua kukiendesha lakini hakujua kukitunza. Ndipo akamkabidhi mjomba.

Mjomba alikileta kwetu Jumamosi mchana ndani ya gunia, kwa kuwa kambini kila mtu alitaka kukigusa. Alitandaza gunia uani, akakifungua, akavipanga vipande vyake kwa mstari ili visipotee, na mimi nikawa mikono yake ya pili. Nasema kweli, alinifundisha vizuri, na kwa hilo ninamshukuru hadi leo. Alinifundisha kwamba vumbi la kwetu ni laini kuliko unga na linaingia pasipoingia maji. Tulisugua kila kitu kwa mswaki uliochakaa na mafuta ya taa kidogo, kisha tukakausha. Nilipotaka kutia mafuta kwenye gia za nje ili zing'ae, alinipiga kofi dogo la mkono. "Mafuta ni chakula cha vumbi," alisema. "Ukililisha, litakaa." Mafuta ya cherehani tuliyatia ndani ya shokapu tu, na kwa kuwa yalikuwa mepesi mno, kigari kikirukaruka kama mbuzi, mjomba aliyachanganya na oili ya injini, tone kwa tone, akikibonyeza kila mara kwa kiganja mpaka kikawa kinashuka taratibu na kupanda taratibu, kama mtu anayepumua usingizini. Ili gia mbili zisibanane wala zisiachane, tuliweka ukanda wa karatasi ya daftari katikati yake, tukakaza skrubu, kisha tukauvuta. Karatasi ikitoka na mikunjo bila kuchanika, nafasi ni sawa. Kazi hiyo ya karatasi ilikuwa yangu. Mpaka leo nikiona karatasi yenye mikunjo midogo midogo, vidole vyangu vinaikumbuka.

Jina alikipa Bibi. Siku ya kwanza alikitazama kwa muda mrefu, amekaa na pembe yake ya ugoro mkononi, akasema, "Mbona matako yake yako chini kuliko mabega? Huyu ni mbiti."

Mbiti ni fisi kwa Kisukuma. Tulicheka sote. Lakini alikuwa ameona kweli: mota na betri zilikuwa nyuma, nyuma ikalemewa, pua ikainuka, na kigari kikawa hakikati kona. Mjomba akakaza springi za nyuma, na Jumapili ile Bwana Mawe akashinda kwa mara ya kwanza. Tangu hapo tukakiita Mbiti, na nyuma ikiinama tena mjomba alimwita mama yake aje kuangalia.

Kisha Bwana Mawe akaenda likizo kwao. Alimwambia mjomba, kisafishe, kifungie stoo. Mjomba alikisafisha. Hakukifungia stoo.

Betri za kuchaji za kigari alizichaji kwenye gari la kambi. Lakini rimoti ilitumia betri za tochi, na betri za tochi hazikupatikana dukani hata kwa dawa. Tukafanya kama watu wote walivyofanya: tukakusanya zilizokwisha, tukazianika juani juu ya bati tangu asubuhi. Betri iliyoanikwa hufufuka kidogo. Huimba kwenye redio nusu saa, halafu hufa bila kuaga. Siku moja mchana, tukikichezea, mjomba alisimama na rimoti ng'ambo ya korongo la karibu na kwetu, mimi nikasimama upande wa kijiji ili nikizuie kisipite. Kilikuja kwa kasi, kizuri kama ndama aliyefunguliwa, na hapo ndipo betri zilipokufa. Mjomba alivuta usukani wa rimoti, kigari hakikusikia. Kilinipita miguuni kikaendelea.

Nilikikimbilia. Na kwa kuwa nilikuwa mtoto niliyezoea kuongoza ng'ombe wa jembe, na ng'ombe husikia jina lake, nilipiga kelele kwa nguvu zangu zote: "Mbiti! Mbiti, simama! Rudi, Mbiti!"

Kiliingia kwenye tundu la minyaa, ndani ya ua wa Bibi, kikagonga kisiki kikanyamaa. Mjomba alifika kwa njia ya nyuma, akihema. Bibi alikuwa amekaa kivulini anapepeta, akacheka hadi akashika ubavu. Mjomba hakucheka. Gia kubwa ilikuwa imevunjika meno matatu. Alikitia kwenye gunia akaondoka.

Ambacho hatukukijua ni kwamba wanawake wanne walikuwa wanatoka kisimani. Waliona kitu chekundu, kisicho na miguu wala mtu, kinakimbia mchana kweupe na kuingia kwa Bibi Veronika, na mjukuu wake nyuma anakiita fisi kwa jina. Mjomba, aliyekuwa ng'ambo ya korongo, hawakumwona.

Kwetu inasemekana wachawi hufuga fisi. Na Bibi alikuwa mjane, mzee, na macho yake yalikuwa mekundu. Hapa naomba msomaji anivumilie, maana nikifika hapa mkono wangu huikaza kalamu. Macho yale yalikuwa mekundu kwa moshi! Miti ilikuwa imekwisha, tulipikia mavi ya ng'ombe makavu, na moshi wake unakula macho. Kila mwanamke aliyepika kwa miaka hamsini katika nchi ile alikuwa na macho yale. Mama zao walikuwa nayo. Walioyasema walikuwa wameshiba ugali uliopikwa na macho kama yale.

Wiki hiyo hiyo Limi, mtoto wa jirani yetu, akashikwa na homa. Mama yake alikuwa mmoja wa wale wanne. Limi alipelekwa zahanati akapewa dawa ya malaria akapona, lakini maneno hayakupewa dawa. Mtoto mmoja shuleni akaniuliza, "Fisi wenu anakula nini?" Mwingine akamjibu, "Anakula wewe, chunga," na benchi langu likawa langu peke yangu. Watu wakapunguza kuja kwetu kuomba moto. Kisha Mzee Masanja, aliyekuwa anasimamia mikutano ya kijiji, akatuma kijana kusema kwamba Jumamosi Bibi afike uwanja wa shule ajibu juu ya fisi wake. Asipojibu vizuri, atahama.

Kuhama lilikuwa neno la adabu. Sote tulijua ajuza wa kijiji cha jirani aliyeambiwa ahame, akaondoka na mkeka wake kichwani, na hakufika alikokwenda.

Nilitaka kusema. Nilimwambia Bibi, "Nikamwambie Mzee Masanja ni gari la Bwana Mawe."

"Utasema nani alilitoa stoo?"

"Mjomba."

"Basi nyamaza," alisema. "Mjomba wako ana mdomo wake. Atakuja."

Alikuja Alhamisi mchana, na gunia lake. Nikaruka kwa furaha, nikidhani amekuja kuzungumzia mkutano. Alikaa, akaamkia, akaulizia kuku. Kisha akatoa ile gia akaiweka juu ya goti.

"Mama, hii imeniweka pabaya. Bwana Mawe anarudi Jumatano. Nimejaribu kuyeyusha kitana cha plastiki nikapachika, hakikamati. Nifanyeje?"

Bibi alimtazama. Nilikuwa nimekaa karibu, niliyaona macho yake, na yalikuwa mekundu kuliko siku zote. Nilisubiri aseme: mimi mkutano wangu ni Jumamosi, wewe unaniuliza gia? Badala yake alifungua kitambaa cha pembe yake ya ugoro, pembe ya ng'ombe wa kwanza wa mahari yake, akamwaga ugoro wote kwenye jani, akaipangusa, akampa.

"Kata hapa," alisema. "Pembe haiyeyuki wala haivunjiki ovyo."

Mjomba alifurahi kama mtoto. Alikata kipande kwa msumeno wa chuma, akachonga meno matatu kwa tupa, akachana mianya mitatu kwenye ile gia, akayapachika kwa nguvu kama jembe kwenye mpini, kisha akashikiza plastiki pembeni kwa msumari wa moto. Moshi wa pembe ulinuka kama nywele zilizoungua, na ndani yake ugoro. Mimi nikaweka karatasi, nikavuta. Ilitoka na mikunjo, haikuchanika. Aligeuza gia kwa kidole. Ilizunguka sawasawa, ila kila mzunguko ilitoa sauti tofauti kidogo pale penye pembe: tik, tik, tik.

"Mama, umeniokoa," alisema.

Bibi aliuliza polepole, "Na wewe, Sosteni?"

Mjomba akainamisha kichwa. "Maneno yataisha, Mama. Watu wakishasema huchoka. Nikisema mimi, kazi imekwenda, na nyumba hii itakula nini?" Akakifunga kigari kwenye gunia akaondoka. Bibi alifunga ugoro wake kwenye kitambaa.

Jumamosi asubuhi, Bibi akiwa amekwisha kwenda uwanjani, mjomba alinikuta nikifunga mlango. Alikuwa na kikapu kilichofunikwa khanga. Ndani mlikuwa na Mbiti na rimoti.

"Nimechaji," alisema. "Betri za rimoti ni zile zile, nimezianika. Usikae nacho mbali zaidi ya hatua kumi. Nenda ukawaonyeshe."

"Twende wote, mjomba."

"Wewe ni mtoto, Tereza. Mtoto hafukuzwi kazi. Wakikuuliza, sema Bwana Mawe alikuachia wewe ukichezee."

"Huo ni uongo, mjomba. Jumapili ninaungama."

"Basi utaungama," alisema, akanitwika kikapu.

Nimekuwa mwalimu wa katekisimu kwa zaidi ya miaka thelathini. Nimewafundisha watoto wa watu juu ya woga wa Petro pale penye moto, na nimewaambia wasimhukumu, maana woga humpata kila mtu. Lakini Petro hakumtuma mtoto.

Uwanjani wanaume walikaa upande mmoja na fimbo zao, wanawake upande mwingine. Katikati, peke yake juani, Bibi alikuwa amekaa amenyoosha miguu. Mama Limi alikuwa anamaliza kueleza, akilia. Sikumchukia yeye, alikuwa ameogopa kwelikweli.

"Mayu," Mzee Masanja alimwambia Bibi, yaani mama kwa Kisukuma, "umesikia. Huyo fisi yuko wapi?"

"Mimi sina fisi."

"Mjukuu wako alimwita kwa jina."

Kijana mmoja akadakia, "Labda ni fisi wa kurithi!" Wengine wakacheka. Ndipo nilipopita katikati yao na kikapu kichwani. Kwa kila hatua yangu antena iligongagonga ukingo wa kikapu.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Umebeba nini?"

"Mbiti," nikasema.

Wanawake waliokuwa karibu wakasimama. Nilitua kikapu, nikakitoa kigari nikakiweka chini, nikavuta antena ya rimoti hadi mwisho kama nilivyofundishwa, nikawasha. Kilipoondoka, uwanja mzima ulirudi nyuma kwa mkupuo mmoja. Wanaume wenye fimbo! Yule kijana wa fisi wa kurithi alipanda juu ya dawati. Nilikifuata kwa karibu kwa sababu ya zile betri, hatua nne nyuma yake, kama mtu anayefuata jembe. Nilikizungusha mara moja, kikakata kona vizuri, nyuma haikuinama, na katika ule ukimya niliisikia pembe: tik, tik, tik. Kisha nikakipeleka hadi miguuni pa Bibi nikakisimamisha. Nikakigeuza matumbo juu, watu waone mota na nyaya.

Kicheko kilianzia kwa wazee. "Kumbe fisi mwenyewe anakula betri!" mmoja akasema, na uwanja ukalipuka. Watoto wakaja mbio. Hata Mama Limi alifunika uso kwa khanga, mabega yakimtikisika, sijui kwa kicheko au kwa kitu gani.

Mzee Masanja akanyoosha mkono, wakatulia. "Siku ile nani alikuwa anakiendesha?"

Nilitazama nyuma ya watu. Mjomba alikuwa amesimama kando ya baiskeli yake, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi. Alikuwa mbali kiasi cha mtu kusikia akitaka, na kutosikia akitaka. Nilimngoja. Nilihesabu pumzi zangu nikimngoja. Bibi pia alikuwa amegeuza kichwa, anatazama huko huko.

"Mimi," nikasema. "Bwana Mawe aliniachia."

Mzee Masanja akanihukumu nichote maji ya walimu wiki nzima kwa kutisha watu. Kisha akainua sauti: "Mmeona wenyewe. Basi mkutano huu umemsamehe bibi huyu. Aende kwake, aishi na watu vizuri." Watu wakapiga makofi.

Nami nilipiga makofi! Hilo ndilo linalonichoma kuliko yote. Kwenye mafundisho ya komunyo tulikuwa tumefundishwa kwamba hakuna neno tamu kuliko kusamehewa. Kwamba aliyesamehewa hurudi nyumbani mwepesi. Niliona tumeshinda. Nilibeba kikapu nikakimbia mbele, na Bibi alipofika uani, taratibu, khanga yake ina vumbi la uwanjani, nikamrukia.

"Bibi, wamekusamehe!"

Alisimama. "Wamenisamehe nini?"

Nilidhani hakusikia vizuri. "Wamekusamehe, Bibi. Wote. Hata Mzee Masanja."

Akanipiga kofi la uso. Hakuwahi kunipiga kabla ya siku ile, na hakunipiga tena. Kisha akanishika mabega.

"Nilifanya nini, Tereza? Wewe ulikuwepo. Niambie, nilifanya nini?"

Alikaa chini pale pale, na mimi nikakaa kando yake, na kigari kikawa katikati yetu.

Alasiri mjomba alikuja. Alikuwa ameleta sukari, karibu nusu kilo, kwenye karatasi. Sukari miaka ile! Aliiweka mbele ya mama yake kwa mikono miwili.

"Tumshukuru Mungu, Mama. Yamekwisha."

Bibi hakuigusa. "Una plaizi?"

"Ninayo."

"Ning'olee meno yangu."

Mjomba alidhani ni utani. Akatabasamu, akanitazama mimi, kisha tabasamu likamtoka. "Mama, Bwana Mawe anarudi Jumatano. Akikuta gia haina meno ataniuliza kilivunjikaje."

"Ndiyo. Atakuuliza."

"Mama."

"Gari ni la bwana wako," Bibi alisema. "Meno ni yangu. Mimi leo nimejibu mbele ya kijiji kizima jambo nisilolifanya. Wewe utajibu mbele ya mtu mmoja jambo ulilolifanya. Ng'oa."

Alikaa kwenye gunia lile lile, akafungua skrubu zile zile, na kwa mara ya kwanza niliona mikono ya fundi yule ikikosea. Skrubu moja ilimponyoka ikaingia mchangani, sikumsaidia kuitafuta. Aling'oa jino la kwanza, la pili, la tatu. Bibi alikinga kiganja akayapokea, akayatia ndani ya kile kipande cha pembe kilichobaki, akaziba kwa kitambaa. Sukari alimrudishia.

Jumatano Bwana Mawe alirudi. Wiki iliyofuata mjomba alikuja kwetu uso unamng'aa kwa furaha. "Nilimwambia kila kitu, nikasubiri anifukuze. Tereza, alicheka tu! Akasema wenzake kwao huvunja gia kila wiki, ataagiza nyingine kwa posta."

Alisimulia kama habari njema. Sikucheka. Nilikuwa ninafikiri: kumbe kile kitu alichokiogopa, kile alichokiweka kwenye mzani na mama yake akaona kinamzidi, hakikuwepo. Lau angekuwa amefukuzwa kazi kweli, ningemwonea huruma kwa urahisi zaidi.

Bibi aliishi miaka mingi baada ya hapo. Mama Limi alikuja kuomba chumvi akapewa. Mzee Masanja alimwamkia njiani akaitikiwa. Mjomba alikula kwetu kila Jumapili baada ya misa, na Bibi alimpakulia kwanza. Ugoro aliuweka kwenye kitambaa hadi alipofariki. Watu waliomletea pembe mpya aliwashukuru akaziweka dirishani. Kile kipande cha zamani alinipa mimi.

Mjomba hakuwahi kumwomba radhi. Mimi pia hakuniomba. Nadhani siku zilivyopita aliisimulia habari ile kwa wanawe, kidogo kidogo, mpaka ikageuka ikawa kama ilivyosomwa msibani. Nimemsamehe. Nimemsamehe kama mtu anavyoosha vyombo: naosha, kesho nakuta vimechafuka, naosha tena, na namshukuru Mungu kwa maji. Lakini sitakubali isemwe kwamba alimwokoa mama yake. Bibi alitoa pembe yake ili mwanawe asiwe tena na cha kuogopa, apate nafasi ya kusema, na yeye akaona ni dawa ya gia tu.

Kaburini nilikwenda na nia. Nilitaka, zamu yangu ya kutupa udongo itakapofika, nitupe na yale meno, ili nirudi nyumbani mwepesi kama nilivyofundishwa utotoni. Nilifika ukingoni, mkono mmoja una udongo, mwingine umeshika pembe. Nikamwombea, kwa moyo wangu wote. Kisha nikamsikia Bibi akisema, "Meno ni yangu," kama vile amekaa pale na kiganja chake wazi.

Nikatupa udongo peke yake.